Alama za mtoto zimepanda: ni yeye kabadilika au ni sisi wapimaji? Mwongozo kamili wa kupima uwezo wa viungo kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Mafaili ya kliniki zetu za mazoezi Dar es Salaam yamejaa hesabu za namna hii: Machi mtoto alipata asilimia 41 kwenye GMFM, kipimo cha uwezo wa mtoto kukaa, kusimama na kutembea, Septemba kapata 46. Aliyempima Machi alikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, keshahamia mkoa mwingine. Aliyempima Septemba ni wewe. Mama anataka kujua kama nauli anayotoa kila wiki kutoka Chanika inazaa matunda, daktari anataka kujua kama ile sindano ya kulegeza misuli imesaidia, na wote wawili wameegemea hizo alama tano.

Mwongozo huu unatafuta jibu la swali moja. Katika chumba chenu, kwa watu wenu, ni alama ngapi zinaweza kupanda au kushuka bila mtoto kubadilika hata kidogo? Bila namba hiyo huwezi kumjibu mama wala daktari. Nimeuandika kwa ajili ya wafiziotherapia, wenzetu wa tiba kazi na wanafunzi wao. Mzazi anayetaka kuzielewa karatasi za mwanawe naye anakaribishwa. Sehemu ya hesabu anaweza kuiruka.

Hatua ya 1: Chagua kipimo kinachojibu swali lako

GMFCS haikutengenezwa kupima maendeleo. Inawapanga watoto katika ngazi tano, I hadi V, kwa namna wanavyojimudu kukaa na kwenda. Ilitolewa mwaka 1997 na Robert Palisano na wenzake wa kundi la CanChild, Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kisha mwaka 2007 ikapanuliwa hadi kufika umri wa miaka 18. Inapakuliwa bure. Mtoto wa miaka sita akiruka kutoka ngazi ya IV hadi ya II ndani ya miezi mitatu, mshuku mpimaji kabla ya kuyasifu mazoezi.

Kinachopima mabadiliko ni GMFM. Toleo la 88 lina sehemu tano: kulala na kubingirika (vipengele 17), kukaa (20), kutambaa na kupiga magoti (14), kusimama (13), na kutembea, kukimbia na kuruka (24). Mtoto wa miaka mitano asiye na shida ya viungo huvimaliza vyote. Toleo la 66 lilichujwa kutoka humohumo, na alama zake hutolewa na programu inayozingatia ugumu wa kila kipengele. Programu hiyo huonyesha pia kiwango cha makosa ya alama, mstari ambao wengi wetu tunaupita bila kuusoma.

Kwa mikono kuna MACS, inayopanga kwa ngazi namna mtoto anavyotumia mikono, miaka 4 hadi 18, na Mini-MACS kwa wa mwaka mmoja hadi minne. Ashworth na Tardieu ni vipimo vya kukaza kwa misuli. Misuli inaweza kulegea na mtoto asiweze jambo jipya hata moja, kwa hiyo usijibu swali la utendaji kwa alama za Ashworth.

Sasa tufike kwenye chanzo kikuu cha ugomvi wa wapimaji. GMFM inauliza mtoto *anaweza* nini hapo kwenye godoro, mbele yako. GMFCS inauliza kwa kawaida *anafanya* nini nyumbani, shuleni na mtaani. Chukua mtoto wa miaka saba anayepiga hatua kumi kwenye vyuma vya mazoezi, lakini kwao Mbagala, kwenye mchanga, hutambaa au hubebwa. Mpimaji mmoja anampa ngazi ya III kwa alichokiona chumbani, mwenzake anampa IV kwa alichosimuliwa na bibi yake. Kwa kanuni za GMFCS, bibi ndiye shahidi mzuri zaidi. Hapa kwetu kuna tatizo jingine: wapo watoto ambao hawajawahi kujaribishwa fremu ya kutembelea kwa sababu haikupatikana. Ushauri wangu ni uandike ngazi ya anachofanya leo, na chini yake mstari mmoja: "Hajawahi kupewa kifaa." Mpimaji wa pili akija na jibu tofauti, mstari huo utaeleza kwa nini.

Umri usiuchukue mdomoni. Omba kadi ya kliniki uisome tarehe ya kuzaliwa, kwa kuwa GMFCS ina maelezo tofauti kwa kila rika: kabla ya miaka 2, 2 hadi 4, 4 hadi 6, 6 hadi 12, na 12 hadi 18. Mtoto aliyezaliwa njiti na hajatimiza miaka miwili hukokotolewa kwa umri uliopunguzwa wiki alizowahi. Ngazi iliyotolewa kabla ya miaka miwili huyumba. Ipange upya akishavuka hapo.

Hatua ya 2: Tuliza chumba na siku

Hatua hii vitabu huipitia haraka. Kwa Dar mimi naiona ndiyo yenye makosa mengi kuliko zote.

Mtoto anayetoka Bunju au Kongowe ameamshwa gizani, kabebwa mgongoni, kapanda daladala mbili, kakaa kwenye benchi hadi saa nne na nusu. Mkimpima saa hiyo Machi, kisha Septemba akapimwa wa kwanza saa mbili asubuhi akiwa na uji tumboni, mmelinganisha watoto wawili tofauti. Kwa hiyo siku ya kupima ipewe miadi yake, saa ileile kila mara, na isichanganywe na foleni ya kawaida. Mwambie mama aje na chakula cha mtoto, na mtoto ale kabla. GMFM-88 huchukua dakika 45 hadi 60. Mtoto mwenye njaa hafiki sehemu ya kusimama.

Dawa ziandikwe pamoja na saa alipozinywa. Fenobabito na diazepamu huleta usingizi, na dawa yoyote ya kulegeza misuli hubadilisha unachokishika mkononi. Akiwa amepata degedege usiku uliopita, au ana homa, ahirisha. Najua inauma kumrudisha mtu aliyetoka mbali. Mpe mazoezi ya siku hiyo, lakini usiandike alama.

Joto nalo lina lake. Januari na Februari, umeme ukikatika na feni ikasimama, mtoto huchoka upesi. Andika kama feni ilikuwa ikifanya kazi.

Vifaa viwe vilevile: godoro lileile, benchi la urefu uleule, ngazi zenye reli, saa ya kuhesabu sekunde. Pigeni rangi sakafuni mistari ya kupimia, ule mnyoofu wa sentimita 2 na ile miwili iliyoachana sentimita 20, ili asiwepo mtu wa kukadiria kwa macho. Mtoto apimwe bila viatu. Kama anapimwa pia akiwa na splinti (kifaa cha kushikilia kiungo) au magongo, hiyo ni karatasi nyingine na alama nyingine.

Kisha kuna simu ya mama. Mtoto aliyegoma kusimama kwa ajili ya mpira atasimama akiona katuni kwenye simu. Mimi sina tatizo na simu, mradi mkubaliane: au inaruhusiwa kwa watoto wote na kwa wapimaji wote, au hairuhusiwi kabisa.

Hatua ya 3: Andikeni sheria zenu za kutoa alama

Kila kipengele cha GMFM kina alama 0 hadi 3. Sifuri ni hakuanza, 1 ameanza, chini ya asilimia 10 ya tendo, 2 amefanya sehemu, kuanzia asilimia 10 lakini hakumaliza, 3 amemaliza. Ana majaribio matatu na linalohesabiwa ni lile bora. Alichofanya mwenyewe bila kuambiwa nacho kinahesabika.

Watu wakibishana, mara nyingi wanabishana kati ya 1 na 2, au kati ya 2 na 3. Mwongozo wa kipimo una maelezo ya kila alama kwa kila kipengele, na tatizo kubwa ni kwamba hausomwi. Karatasi ya alama peke yake haitoshi. Kaeni pamoja, someni maelezo kwa sauti, na pale mnapotofautiana andikeni uamuzi wenu kwenye daftari moja la idara. Kwa mfano, kukaa kwenye godoro sekunde tatu bila kushika: sekunde zinaanza lini, mama anapoachia au mikono ya mtoto inapoinuka sakafuni? Mkishaamua, ndiyo sheria.

Maelekezo kwa mtoto nayo yaandikwe. Ukimwambia "kaa vizuri" ananyoosha mgongo na kushika godoro. Ukimwambia "kaa mwenyewe, usishike" anainua mikono. Wapimaji wawili, maneno mawili, alama mbili.

Mama awepo, kwa kuwa mtoto asiyemwona mama hulia na upimaji unaishia hapo. Ila akae mbele ya mtoto. Akikaa nyuma, mkono utafika kwenye gauni tu, hata bila yeye kujua. Atakuambia, "Nyumbani anafanya, daktari, hapa anaona haya." Liandike pembeni, lisiingie kwenye alama ya GMFM, litakufaa kwenye GMFCS.

Kosa la kuhesabu ninalokutana nalo sana: mtu anajumlisha alama zote na kugawa kwa 264. Sivyo. Kila sehemu inapata asilimia yake (kulala gawa kwa 51, kukaa 60, kutambaa 42, kusimama 39, kutembea 72), kisha asilimia tano hizo zinajumlishwa na kugawanywa kwa tano. Matokeo yake, alama moja kwenye kusimama inabeba karibu asilimia 0.51 ya jumla, na moja kwenye kutembea asilimia 0.28 tu. Mkiwa na muda mchache wa mafunzo, upelekeni kwenye vipengele vya kusimama.

Tena, kipengele ambacho hakikujaribiwa kiandikwe NT ("not tested"). Kwenye GMFM-88 kitahesabiwa sifuri, lakini kwenye GMFM-66 programu inatofautisha "hakujaribu" na "hakuweza", na ukiandika 0 mahali pa NT umemshusha mtoto bure.

Hatua ya 4: Pimeni makubaliano yenu

Kuna mambo mawili: je, wewe na mwenzako mnatoa alama sawa, na je, wewe mwenyewe unatoa alama ileile ukimwona mtoto yuleyule tena.

Kwa la kwanza, kumpima mtoto wa ngazi ya IV mara mbili siku moja ni kumtesa. Mmoja aendeshe upimaji, wote wawili watoe alama, kila mtu na karatasi yake, bila kuongea wala kuangaliana nyuso. Mtoto anayefuata, badilishaneni. Anzeni na watoto kumi kwa ajili ya idara yenu. Anayefanya utafiti wa kuchapisha ajipange kwa 30 kwenda juu, na 50 ni bora zaidi, na apate kwanza kibali cha kamati ya maadili.

Mpango huo una upofu wake: unapima macho yenu tu, haupimi mikono yenu. Mwendeshaji mwenye subira humtoa mtoto alama ambazo mwenye haraka hazipati. Kwa hiyo chukueni watoto wachache, kila mpimaji awapime kivyake ndani ya wiki moja, saa ileile, bila matibabu mapya katikati. Tofauti hapa itakuwa kubwa kuliko ya mwanzo, na ndiyo inayofanana na maisha ya kliniki.

Kwa la pili, tumieni video. Rekodi leo, toa alama, irudie baada ya wiki mbili au zaidi ukiwa umeshasahau. Mzazi aridhie kwa maandishi, na video ikae kwenye kompyuta yenye nywila. Isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la idara, hata kwa nia njema ya kufundishana. Tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya za mtoto ni kati ya zile nyeti.

Na faili lifungwe. Asiwepo mpimaji anayeona alama za zamani kabla ya kumaliza za leo. Ukijua alipata 41 na kwamba amefanya mazoezi miezi sita, jicho lako litamtafutia 45. Hatua hii haina gharama yoyote, na bado ndiyo inayorukwa.

Hatua ya 5: Hesabu

Tuseme, kwa mfano tu, wapimaji A na B wamewapima watoto kumi. Toa alama ya B kwenye ya A kwa kila mtoto. Tofauti zimetoka hivi: +2, −1, +3, 0, +4, −2, +1, +3, +2, −2.

Wastani wake ni +1. Maana yake A ni mkarimu kuliko B kwa alama moja.

Mkengeuko sanifu wa tofauti hizo, yaani kiasi zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni 2.16. Kwenye Excel tumia STDEV, kwenye kikokotoo cha wanafunzi upo pia. Zidisha kwa 1.96, upate 4.2. Hiyo ndiyo namba niliyoisema mwanzoni: kwa watu hawa wawili, mabadiliko yasiyozidi alama 4.2 yanaweza kuwa kelele za upimaji peke yake. Ukitaka kosa la alama moja moja, gawa 2.16 kwa kipeuo cha pili cha 2, utapata 1.5.

Rudi kwa yule mtoto wa 41 na 46. Alama tano zinaivuka 4.2, kidogo. Lakini kama aliyempima Machi ni B na wa Septemba ni A mkarimu, ondoa moja ya ukarimu. Zinabaki nne, na nne haivuki. Hapo usimwambie mama kwamba hakuna kitu. Fungua vipengele. Kama nyongeza yote imetoka kwenye kukaa, vipengele vimepanda kutoka 0 hadi 3 na vinaonekana kwenye video, na mama anasema sasa anamwogesha akiwa amekaa mwenyewe kwenye beseni, hiyo ina uzito. Kama ni 1 zilizogeuka 2 huku na huko katika sehemu zote tano, subiri upimaji ujao.

Watu wa takwimu watakuuliza ICC, namba ya 0 hadi 1 inayoonyesha makubaliano ya wapimaji. Itoe, kwa programu za bure kama jamovi au R, ila chagua ile ya makubaliano kamili. Ile ya mwendo sawa tu haioni kabisa kwamba A anaongeza alama kwa kila mtoto. Mgawanyo unaotumika sana ni wa Koo na Li wa 2016: chini ya 0.5 ni duni, hadi 0.75 ya wastani, hadi 0.9 nzuri, zaidi ya hapo bora sana. GMFM huvuka 0.9 kirahisi, na hapo ndipo watu wanajidanganya. ICC hupanda watoto wakiwa wanatofautiana sana. Ukichanganya wa ngazi ya I anayekimbia na wa ngazi ya V asiyeshika shingo, hata wapimaji wazembe watakubaliana nani ni nani. Jaribu: mkengeuko wa alama za watoto ukiwa 20 na ICC 0.97, kosa la alama ni 20 mara kipeuo cha pili cha 0.03, yaani 3.5; zidisha kwa kipeuo cha pili cha 2, kisha kwa 1.96, na mabadiliko yanayoaminika yanaanzia karibu 9.6. ICC inapigiwa makofi, na alama tano za mtoto wetu hazionekani humo.

Kwa ngazi za GMFCS na MACS usitumie asilimia ya makubaliano peke yake. Tuseme watoto 20. Kila mpimaji anasema wanne wanatembea na 16 hawatembei. Wamekubaliana kwa wawili wanaotembea na 14 wasiotembea: 16 kati ya 20, asilimia 80. Lakini kwa bahati tu wangekubaliana kwa asilimia 68. Kappa, aliyoileta Jacob Cohen mwaka 1960, inaondoa bahati hiyo: 0.80 toa 0.68, gawa kwa 0.32, unabaki na 0.38. Hafifu. Ngazi zikiwa tano, tumia kappa yenye uzito, ili kukosea II na III kusihesabiwe sawa na kukosea I na V.

Ashworth na goniometa: punguza matumaini

Ashworth iliyorekebishwa, ya Bohannon na Smith ya 1987, ina daraja 0, 1, 1+, 2, 3 na 4. Makubaliano ya wapimaji juu yake kwa watoto hawa ni ya wastani au chini ya hapo, na ugomvi mwingi uko kati ya 1 na 1+. Mimi sihesabu hatua hiyo moja kuwa mabadiliko.

Ukiitumia, mtoto alale chali, kichwa katikati, maana kichwa kikigeuka na mikono hubadilika. Nyoosha kiungo kwa takriban sekunde moja. Usirudie mara tano "kuhakikisha". Kila ukivuta, msuli unalegea, na mpimaji anayekufuata atashika msuli mwingine. Tardieu ni bora kidogo kwa sababu inatenganisha mvuto wa polepole na wa haraka, na tofauti ya pembe mbili hizo inakuonyesha ni kiasi gani ni kukaza na kiasi gani ni msuli uliofupika.

Goniometa, kifaa cha kupima pembe ya kiungo, isishikwe na mtu mmoja. Mmoja avute mguu, mwingine asome, na alama za mifupa zichorwe kwa kalamu kwanza. Kwenye kifundo cha mguu andika kama goti lilinyooka au lilikunjwa, la sivyo namba haina maana. Hata hivyo, kwa watoto wenye kukakamaa, tofauti ya digrii 10 hadi 15 kati ya siku na siku ni jambo la kawaida. Anayeandika kwamba kifundo kimeongezeka digrii 5 baada ya mwezi wa splinti anaandika matumaini yake.

Kuandika kwenye faili

Mtoto mmoja anaweza kupita Amana, Muhimbili na CCBRT ya Msasani ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo andika kwa ajili ya mtu asiyekujua. Tarehe na saa, jina la mpimaji, dawa na saa zake, viatu au splinti, lugha uliyompa mtoto maelekezo, asilimia za sehemu zote tano na si jumla tu, na kosa la upimaji la idara yenu mbele ya alama: "46, kosa la mabadiliko 4.2." Kila akija mfanyakazi au mwanafunzi mpya, apewe video tano zilizokwisha kutolewa alama, na asimpime mtoto peke yake mpaka tofauti zake ziwe ndani ya zenu. Taja pia toleo la kipimo, kwa kuwa alama ya GMFM-88 na ya GMFM-66 za mtoto yuleyule hazilingani, na mtu akizichora kwenye grafu moja atamwona mtoto akipanda au kuporomoka siku ambayo kilichobadilika ni karatasi.